Mto unaopakana na shamba letu Mlali: niandike Mlali au Ngerengere?

MwipwaWaMlali:

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni.

Nina swali ambalo kwa wengine litaonekana dogo, ila kwetu limeshavunja vikao viwili vya familia. Shamba la ukoo wetu liko Mlali, wilaya ya Mvomero, ile njia ya Mzumbe inayopanda kwenda Mgeta. Ni ekari nne na kidogo. Sisi Waluguru ardhi inapitia kwa mama. Alilima bibi, akalima mama, sasa tunalima mimi na dada zangu wawili, na msimamizi wetu ni mjomba, kaka wa mama, mkubwa wa ukoo aliyebaki. Tunapanda nyanya, kabichi na maharage, na kiangazi tunamwagilia.

Upande wa chini shamba linaishia mtoni. Miaka yote hakuna aliyetuuliza mto huo unaitwaje, kwa sababu ukisema "mtoni" kila mtu anajua ni wapi. Mwaka huu kijiji kinatoa hati za hakimiliki za kimila. Vijana wakaja na vifaa vyao, tukazunguka mipaka na majirani wote, ikaenda vizuri. Baada ya wiki rasimu ikarudi. Kaskazini jirani fulani, kusini njia ya miguu, magharibi jirani mwingine, mashariki "Mto Ngerengere".

Mjomba aliposomewa hiyo mashariki akarudisha kalamu mezani. Akasema, "Huu ni Mlali. Ngerengere uko huko chini Mindu. Mimi siweki kidole kwenye karatasi inayosema nimezaliwa kando ya mto wa watu wengine." Yule kijana akatoa simu, akatuonyesha mstari wa bluu wenye jina la Ngerengere umepanda mpaka karibu na kwetu. Mjomba hakutaka hata kuiangalia.

Mimi niko katikati. Nakumbuka bibi akichukua ndoo alikuwa anasema "nakwenda Mlali", na sisi watoto tulijua ni mtoni, si kijijini, maana kijijini tulikuwa tayari. Lakini nikiwa shule Morogoro mjini, mwalimu wa jiografia alituambia mto unaoingia Bwawa la Mindu ni Ngerengere, na maji ya kwetu yanakwenda Mindu, hilo halina ubishi.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Jina sahihi ni lipi? Na je, lina uzito wowote kisheria, au tunagombana bure? Nisingependa mjomba aonekane mkaidi mbele ya kijiji kizima kama ana haki.

---

Kihonda_Juu:

Dada, andika Ngerengere mmalize. Ndilo jina linalojulikana mjini, maofisini, kwenye ramani za simu, kila mahali. Ukienda kuomba mkopo na hati inayosema Mlali, mtu wa benki atafikiri ni jina la kijiji limerudiwa kwa makosa. Mzee atakasirika wiki moja, hati itadumu miaka.

---

MzeeWaGeji:

Marahaba mwanangu. Na wewe wa Kihonda, nimekuelewa, ila subiri kidogo.

Nimefanya kazi ya kusoma geji, yaani vipimo vya maji, za mito inayotoka Uluguru zaidi ya miaka ishirini, sasa nimestaafu nipo nyumbani. Konga, Mlali, Mindu nimezitembea kwa baiskeli na kwa miguu. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, mniwie radhi.

Weka kwanza mlima kichwani. Uluguru umekumbatiwa na mikono miwili ya maji. Mvua inayoanguka mgongo wa magharibi inagawanyika. Sehemu inakusanywa na Mgeta, inateremka kusini mpaka Kisaki, inauzunguka mlima kwa chini na kuukuta Ruvu upande wa mashariki. Sehemu nyingine inakusanywa na Ngerengere. Huo unaingia Mindu, ukitoka bwawani unaupitia mji wa Morogoro kwa kaskazini, unapita kando ya Mazimbu palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, halafu unashika mashariki mpaka Ngerengere yenyewe penye stesheni, na mwisho nao unaingia Ruvu. Mgeta mkono wa kusini, Ngerengere mkono wa kaskazini. Wewe shamba lako liko begani mwa huu wa kaskazini.

Sasa angalia ngazi zake. Ruvu ndio mto mkubwa, unamwaga baharini Bagamoyo. Ngerengere ni tawimto la Ruvu. Na Ngerengere nao una matawi yake. Ule Mto Morogoro unaoteremka kutoka upande wa Morningside na kukatiza mjini ni mmoja. Kuna Kikundi, kuna Bigwa. Huko kwenu, juu ya bwawa, kuna Mlali, Mgera, Lukulunge, Mzinga. Maji yao yote yanaishia Mindu, lakini kila mmoja una chanzo chake mlimani na una wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea, na mjomba wako hakukosea. Kilichokosewa ni kudhani kwamba mto una jina moja kuanzia tone la kwanza mpaka la mwisho.

Wataalamu wanapotaka kujua kati ya vijito viwili vinavyokutana upi ni mto mama na upi ni tawi, wana njia zao. Wengine wanafuata ulio mrefu zaidi. Wengine wanafuata wenye eneo kubwa la kukusanya mvua. Wengine wanaangalia maji yenyewe, upi unaleta mengi. Mimi kwa uzoefu wangu nauamini mto wakati wa kiangazi. Masika kila korongo linajiita mto. Njoo Septemba na Oktoba, shusha kile kipima mkondo chenye pangaboi dogo, hesabu mizunguko, ndipo utajua nani anamlisha nani. Na bado, ukishapata jawabu, jina linabaki la watu wanaoteka.

Mstari wa bluu kwenye simu ya kijana haujui hayo. Aliyeuchora alichukua jina la chini akalivuta kupanda juu mpaka mstari ulipokatika. Nimeona hivyo sehemu nyingi, si kwenu tu.

Sisi kwenye vitabu vyetu tulifanya hivi. Pale Konga, juu ya bwawa, geji iliandikwa Ngerengere. Mlali tuliuandika Mlali. Hatukuchanganya, maana ukichanganya, mwaka ambao kijito kimoja kimekauka na kingine kimejaa utapata hesabu isiyo ya mto wowote.

Kwa hiyo kazi yako ni rahisi, haihitaji mtaalamu. Toka shambani, fuata maji kwenda chini mpaka uyaone makutano, pale mto wenu unapogusana na mwingine ulio sawa nao au mkubwa kuliko wenyewe. Shamba likiwa juu ya makutano, mjomba ana haki, ni Mlali. Likiwa chini ya makutano, ni Ngerengere, na itabidi umwambie kwa adabu. Nenda naye mwenyewe. Usiende na simu peke yake.

Na uzito wa kisheria upo, msidanganyane. Mnamwagilia. Siku mkitaka kuweka pampu ya maana au kuchepusha maji kwa mfereji, mtahitaji kibali cha kutumia maji kutoka ofisi ya bonde, hii ya Wami na Ruvu iliyopo hapo Morogoro. Kibali kinataja chanzo. Hati ikisema Ngerengere na kibali kikasema Mlali, au kinyume chake, siku ya ugomvi wa maji na mtu wa chini yenu utajuta. Kiangazi ugomvi wa maji huko haukosi.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa mkazo. Msiuache mto peke yake kuwa mpaka. Mto unahama. Mafuriko moja tu yanaweza kula hatua kumi upande wako na kumpa wa ng'ambo. Waambie vijana wachukue alama za pembe za shamba kwa namba, na nyinyi mpande miti ya mpaka inayoshika udongo. Halafu mkumbuke zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ukingo wa mto haulimwi. Najua wengi wanalima. Ndiyo maana Mindu linajaa tope.

---

Sabaki_Kwetu:

Salamu kutoka Malindi. Nimeisoma mada hii nikacheka kwa furaha, maana kumbe si sisi peke yetu.

Huku kwetu kuna mto mmoja ukitoka nyanda za juu karibu na Nairobi unaitwa Athi. Ukifika kule mbugani ukakutana na Tsavo, jina linakuwa Galana. Ukikaribia bahari, kaskazini ya mji wetu, ni Sabaki, na daraja letu ni Daraja la Sabaki. Maji ni yale yale. Mvuvi wa hapa mlangoni ukimwambia "Athi imefurika" atakuuliza Athi ni nani. Lakini tope jekundu linalotia rangi bahari yetu msimu wa mvua limetoka huko huko kwa Athi, na huo Mto Nairobi wenye uchafu wa jiji nao unamwaga humo humo.

Nilikuwa nikiona haya mambo ya majina matatu ni vurugu. Siku hizi nayapenda. Mtu akitaja jina, najua amesimama wapi. Akisema Galana, najua yuko ndani, kwenye ndovu. Akisema Sabaki, najua yuko karibu na chumvi.

Basi dada, nikiwa mimi ningemsikiliza huyo mzee wa geji. Na mjomba wako mpe salamu zangu.

---

RamaniZaZamani:

Naongezea upande wa historia, kwa sababu jina Ngerengere lina umri mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuna wanaosema limetokana na stesheni ya reli. Haiwezekani. Reli ya Wajerumani ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907. Lakini Stanley alipopita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alishauandika mto huo "Ungerengeri", ukipita karibu na mji wa Simbamwenni, ule uliojengwa na Kisabengo chini ya milima, ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake. Aliporudi mwaka 1872 alisimulia mafuriko yaliyobomoa ukuta wa mbele wa mji huo na kuchukua nyumba. Kwa hiyo stesheni ndiyo iliyochukua jina la mto. Na leo treni ya SGR nayo inasimama Ngerengere, jina lile lile, toka ilipoanza safari za abiria mwaka 2024.

Ile "U" ya mbele aliyoiweka Stanley mimi naiona ni sikio la mgeni. Alishazoea Uluguru, Ukutu, Uzigua, akasikia mto akauvika kilemba cha nchi.

Ruvu wenyewe kwenye ramani za wasafiri wa karne ile unaitwa Kingani. Ukisoma habari za misafara ya Bagamoyo kuvuka Kingani, ni huu huu Ruvu wetu. Na kuna Ruvu mwingine kabisa kule Kilimanjaro, unatoka Ziwa Jipe na kukutana na Kikuletwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha unakuwa Pangani. Mara ngapi nimeona watu wanachanganya habari za Ruvu mbili! Jirani zenu wa Kilosa nao wana lao. Kinyasungwe unatoka Dodoma, Kilosa ni Mkondoa, ukifika Dakawa ni Wami.

Mzee wa geji hapo juu amesema jina ni la wanaoteka. Mimi nimekaa na ramani miaka mingi na naunga mkono, ila kwa sharti moja, jina la wanaoteka liandikwe. Lisipoandikwa, kizazi kimoja tu kinatosha kulipoteza, na mstari wa bluu ndio utakaobaki. Zile ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zina majina ya vijito vingi ambavyo kwenye simu hamvioni. Nenda ofisi ya ramani uombe kuiangalia karatasi ya eneo lenu kabla hamjasaini chochote.

---

Kihonda_Juu:

Mzee wa geji, nimekubali. Swali moja, maji ya huko kwao yanafika Dar kweli, au yanaishia Mindu tu?

---

MzeeWaGeji:

Mengi tunayanywa sisi wa Morogoro, Mindu ndiyo tegemeo letu kubwa la bomba. Yanayopita bwawani, yakiongezewa na Mto Morogoro na wenzake, yanaingia Ruvu. Ruvu ndio unaochotwa pale Mlandizi kwenye mtambo wa Ruvu Juu, uliopo tangu 1959, na kule Bagamoyo kwenye Ruvu Chini, tangu 1976. Kwa hiyo ndiyo, mtu wa Kimara akifungua bomba, sehemu ndogo ya maji yale huenda ilipita kwenye nyanya za huyu binti. Na dawa za nyanya pia, kwa hiyo mwanangu mabomba ya kupulizia msiyaoshee mtoni.

---

MwipwaWaMlali:

Wakubwa zangu, nimerudi na majibu. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa kwenye mavuno.

Kwanza Mzee, ya mabomba ya kupulizia nimeyasikia. Tulikuwa tunaosha mtoni. Tumechimba shimo mbali na ukingo.

Jumapili baada ya misa nilimwomba mjomba tufuate maji. Nilifikiri atakataa kwa sababu ya goti lake, kumbe alikuwa anasubiri mtu amwombe. Tulitoka shambani saa tatu asubuhi, yeye na fimbo, mimi na mdogo wangu nyuma. Njiani alikuwa anasimama kila mahali. Hapa palikuwa na daraja la magogo. Hapa mama yako aliteleza na ndoo akiwa na mimba yako. Hapa maji yalikuwa yanapita upande ule wa miti, yakahama. Nikaona kwa macho yangu, mfereji mkavu umejaa nyasi, kama hatua thelathini kutoka mto wa sasa. Hapo ndipo nilipoelewa ulichosema kuhusu mpaka kuhama.

Makutano tuliyakuta baada ya saa moja na nusu hivi, kwa mwendo wa mjomba. Mto wetu unatokea kushoto, maji yake maangavu kidogo. Mwingine unatokea kulia, mpana kuliko wetu, una rangi ya chai ya maziwa. Unaona kabisa mstari katikati kwa hatua chache kabla havijachanganyika. Mjomba akaunyooshea fimbo ule wa kulia na kule vinakokwenda pamoja, akasema, "Kuanzia hapa, Ngerengere. Sijawahi kukataa." Kweli, hakuwahi kukataa. Sisi ndio hatukumuuliza vizuri.

Shamba letu liko juu ya makutano, mbali kabisa.

Jumanne tulikwenda ofisini na mwenyekiti wa kitongoji. Nilimweleza yule kijana kama mlivyonieleza hapa, na nashukuru hakubisha, alisema kwao wanafundishwa kuchukua jina la ramani pale ambapo mwenyeji hakutaja, na siku ile ya kuzunguka hakuna aliyetaja. Hilo ni kosa letu wote tuliokuwepo. Sasa upande wa mashariki panasomeka: "Mto Mlali, tawimto la Mto Ngerengere". Chini yake wameweka namba za pembe zote mbili za ukingoni, na zimepimwa kutoka ukingo wa sasa kurudi nyuma, kwa hiyo tumeachia sehemu ambayo zamani tulikuwa tunapanda kabichi. Dada yangu mkubwa hajafurahia hilo, lakini ndiyo sheria, na miche ya miti tumeanza kuotesha.

Ramani ya 1:50,000 bado sijaiona, nitakwenda mjini mwisho wa mwezi.

Mjomba ameweka kidole. Jirani wa ng'ambo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, aliposikia yanayosomwa akaomba fomu yake irudishwe nayo. Yake ilikuwa imeandikwa "korongo".